Bibi ameingia TASAF: je, kanisa limtoe kwenye orodha yake?

*"Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati ya huruma katika kanisa letu dogo hapa Ujiji. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakusanya sadaka ya wahitaji. Ikipatikana nyingi sana ni laki moja na nusu. Tuna bibi mmoja mjane, umri umeshapita miaka sabini, analea wajukuu watatu ambao wazazi wao wamefariki. Mmoja ana ulemavu wa viungo na hatoki ndani. Kila mwezi tumekuwa tukimpa unga, dagaa na sabuni. Mwaka huu ameingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini, na kamati imegawanyika. Mhasibu wetu anasema tunalipa kodi, kuwatunza maskini ni kazi ya serikali, kwa hiyo tumtoe tumsaidie mwingine. Mzee mmoja wa kanisa anasema Biblia haikumwagiza Kaisari awalishe wajane, kazi hiyo ni ya kanisa, na hela za serikali zinalea uvivu. Jirani naye amemtisha bibi kwamba TASAF wakijua anasaidiwa na kanisa watamfuta, na sasa anaogopa hata kuja kuchukua unga. Wengine wanataka tutafute wafadhili tujenge kituo cha yatima, watoto kama hao wahamie huko. Nani yuko sahihi, na tumfanyie nini bibi huyu?"*

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri hadi nikastaafu, na siku hizi makanisa ya hapa Kigoma huniita kukaa na kamati zao za huruma. Ubishi mlio nao nimeukuta kwa Waanglikana, kwa Wapentekoste na kwenye jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, kwa maneno yaleyale. Katika barua yako kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonishtua kuliko mengine: mtoto asiyetoka ndani. Huyo nitamfikia.

Kwa sasa jibu fupi ni hili: bibi abaki kwenye orodha yenu, ila mnachompa kibadilike. Mhasibu wenu ana nusu ya ukweli, na mzee wa kanisa ana nusu yake. Jirani amekosea. Wanaotaka kituo cha yatima wana moyo mzuri lakini wanaelekea pabaya.

Tuanze na TASAF yenyewe, maana nusu ya ugomvi hutokana na watu kutojua inavyofanya kazi. TASAF ilianza mwaka 2000, na miaka ile ya mwanzo ilijulikana kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, huu aliomo bibi, ulikuja 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Fedha zake ni za mchanganyiko: kuna za serikali, kuna za wafadhili, na sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia, ambao nao utalipwa kwa kodi.

Mtu haingii humo kwa kujuana na mtendaji, au tuseme haikupangwa iwe hivyo. Unaitishwa mkutano wa mtaa au kijiji, na wananchi wenyewe wanataja kaya wanazoziona zimezidiwa. Kisha karani anapita nyumbani na dodoso: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, watu wangapi, wanaosoma ni nani, kuna mifugo, kuna kitanda. Majibu yanachakatwa kwenye kompyuta, majina yanarudishwa mkutanoni yasomwe hadharani na kuthibitishwa. Akishaingia, kaya hupata ruzuku ya msingi, na nyongeza kwa ajili ya watoto ikiwa wanahudhuria shule na kliniki. Kaya yenye mtu mwenye nguvu hupata pia siku za ajira za muda kwenye miradi ya mtaa. Malipo hutoka kwa awamu, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili.

Ukiutazama utaratibu huo vizuri, utaona unapovuja. Aliyelazwa kitandani hafiki mkutanoni kujitetea. Mgeni mtaani hana wa kumtaja. Bibi wa zaidi ya miaka sabini hawezi kushika jembe la ajira za muda, kwa hiyo fungu hilo halimhusu. Na ruzuku yenyewe ni ndogo kwa makusudi: iliwekwa ipunguze makali, haikuwekwa ilishe kaya nzima. Mwambie mhasibu wenu achukue kalamu. Watu wanne wakila kilo moja na nusu ya unga kwa siku, hiyo ni kilo 45 kwa mwezi na kilo 90 kati ya awamu moja ya malipo na nyingine. Azidishe kwa bei ya unga sokoni Mwanga wiki hii, bila mafuta, bila dagaa, bila mkaa. Kisha amwombe bibi, kwa heshima, amwambie alipokea kiasi gani mara ya mwisho. Hesabu hiyo itamaliza mjadala kuliko hoja zangu zote.

Sasa huyo jirani. Debe la unga kutoka kanisani halimfuti mtu TASAF. Kaya hutolewa kwa sababu nyingine: imehama, mlengwa amefariki bila mrithi ndani ya kaya, imegundulika ni ya kiongozi wa mtaa, au kwenye tathmini ya marudio imeonekana hali yake imeinuka. Niwe mkweli kwenye hilo la mwisho: mkimjengea bibi nyumba ya tofali na bati, karani akija na dodoso ataandika tofali na bati, na majibu yanaweza kubadilika. Hata hivyo singewashauri mumwache alale penye paa linalovuja ili abaki masikini wa kutosha. Mwendeeni leo au kesho, mmwambie unga wake si siri na si kosa. Hofu ya namna hii ikikaa kwa mzee huzaa mambo mengine. Huanza kuficha hata maradhi.

Mhasibu wenu anasema ni kazi ya serikali. Ibara ya 11 ya Katiba yetu ya 1977 iko upande wake: inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Hizo si fadhila. Tena bibi huyo ni mlipakodi. Kila akinunua sabuni dukani kuna asilimia 18 ya VAT ndani ya bei, hata kama risiti hapewi. Kwa hiyo anayesema "tunawalisha kwa kodi zetu" akumbuke kwamba kwenye hizo kodi na senti za bibi zimo.

Lakini mhasibu asome na Ibara ya 7. Inasema mambo yaliyo kwenye sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kupelekwa mahakamani. Yaani haki imeandikwa, ila bibi hawezi kumshtaki mtu kwa kuinyimwa. Haki ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuifuatilia, mwenye viatu vya kutembea na sauti ya kuuliza. Mzee mwenye miguu inayovimba hana vyote viwili. Hapo ndipo ninapomuuliza mhasibu: serikali ikiwa na wajibu na bibi hawezi kuufikia mlango wake, kumtoa kwenye orodha yenu kumemsaidia nani?

Nije kwa mzee wa kanisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anachosema kina uzito na wengi hukidharau bila kukijibu.

Ni kweli Agano Jipya halimpi Kaisari agizo la kulisha wajane. Wale waumini wa kwanza hawakuwa na kura, hawakuwa na mkutano wa mtaa, hawakuwa na diwani wa kumsumbua. Paulo asingeweza kuwaandikia Wakorintho wahudhurie bajeti ya Rumi. Walifanya walichoweza: Antiokia walichanga wakapeleka Uyahudi njaa ilipokuja, na Yerusalemu walikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane. Mzee asisahau, lakini, kwamba mgao huo wa mitume ulivuja uleule uvujaji wa TASAF: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliachwa nje, manung'uniko yakazuka, na ndipo wakachaguliwa wale saba, Matendo sura ya 6. Orodha ya watakatifu nayo iliruka watu.

Agano la Kale ni jingine kabisa, kwa sababu pale kuna taifa, kuna sheria, kuna wafalme. Mambo ya Walawi 19 inamwamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni na asirudie masazo. Ni ya maskini na mgeni. Hiyo ilikuwa sheria, na mwenye shamba hakuulizwa kama moyo wake umeguswa. Ruthu alipookota masuke nyuma ya wavunaji wa Boazi alikuwa akitumia haki yake. Zaburi ya 72 inamwombea mfalme awaokoe wahitaji. Yeremia 22 anampima mfalme kwa baba yake Yosia, aliyewaamulia maskini na mhitaji kwa haki. Mtawala asiyewajali wanyonge hapati sifa popote katika vitabu hivyo.

Ila kama mzee wenu ni msomaji, atakujibu kwa habari ya Yusufu, na akikujibu hivyo mpe nafasi. Yusufu alikuwa mtumishi wa serikali. Alikusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba akaokoa watu wasife njaa. Ukipenda, ndiye aliyetangulia wakala wetu wa hifadhi ya chakula. Endelea hadi Mwanzo 47 uone mwisho wake. Watu walitoa fedha zao zote, zilipoisha wakatoa mifugo, ilipoisha wakatoa ardhi yao na wao wenyewe wakawa watumwa wa Farao, na wote wakashukuru kwamba wameokolewa. Serikali inayolisha inaweza pia kumeza. Mwenye kuogopa hilo si mjinga. Na wazee wa rika lake wanakumbuka shule za makanisa zilivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Mashaka yao hayakuanguka kutoka mbinguni.

Kuhusu uvivu, hapo simuungi mkono. Paulo alipowaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, alisema *asiyetaka*. Bibi wa miaka sabini na kitu aliyebeba watoto watatu hakatai kazi. Na hata kwa wenye nguvu, ushahidi tulio nao hapa nchini hauelekei huko. Mpango ulipojaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia 2010, watathmini walikuta kaya zilizopewa fedha zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zimeongeza mifugo midogo na zimewanunulia watoto viatu. Wapo wanaokunywa, sikatai. Wapo pia kwenye kwaya.

Mzee huyohuyo angeangalia tu mkoa wetu na jirani zetu Tabora angeona kwamba suala la "kanisa au serikali" lilishaamuliwa na watu waliotutangulia, kwa vitendo. Kabanga kule Kasulu ni hospitali ya Wakatoliki, Heri ni ya Waadventista, Sikonge ni ya Wamoraviani, Nkinga kule Igunga ni ya Wapentekoste. Mkristo na Mwislamu wote huzaliwa humo. Na kwenye hospitali za makanisa nchini utakuta mara nyingi jengo ni la kanisa, mshahara wa muuguzi unatoka serikalini, na mgonjwa hajui ni nani kati yao aliyemtibu. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walitiliana saini na serikali kuhusu huduma hizo, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Kabla ya hapo, 1972, wakimbizi wa Burundi walipofurika, serikali ilitoa ardhi Ulyankulu, Umoja wa Mataifa ukatoa fedha, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, likafanya kazi ya kupima mashamba na kuchimba visima. Hakuna kati ya hao watatu ambaye angeweza peke yake.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha hukohuko kwenye shule ya wamisionari, alikwenda New York mwaka 1970 akawaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini litapoteza maana kwa watu hao. Ni rais Mkatoliki akiwaambia watawa kwamba sadaka pekee haitoshi. Mzee wenu anaweza asimpende Mwalimu kwa habari ya shule, lakini hoja yake aijibu.

Basi mfanyeje? Mna njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kumtoa. Paulo mwenyewe hangewapiga mawe. Katika 1 Timotheo 5 anaweka orodha yenye masharti: aandikwe mjane aliye mjane kweli kweli, asiyepungua miaka sitini, na wenye ndugu watunzwe na ndugu zao ili kanisa lisilemewe. Kuuliza "nani mwingine anamsaidia?" ni swali la kibiblia kabisa, na kwa mfuko wa laki na nusu, huyo "mwingine" anayesubiri ni mtu wa kweli mwenye njaa ya kweli. Hatari yake ni kwamba malipo ya TASAF huweza kuchelewa, na siku yakichelewa bibi atalazimika kurudi kwenu kupiga hodi upya. Wazee wengi hawarudi. Hukaa kimya.

Mnaweza kuendelea vilevile. Ni rahisi na hakuna atakayegombana, ila mtakuwa mnampa unga mwezi ambao amenunua unga, na siku mjukuu akirudishwa nyumbani kwa kukosa sare mtakuwa hamna kitu.

Ninayoipenda mimi ni ya tatu: sadaka yenu ifuate pengo. Mwezi wa malipo punguzeni chakula, mwezi usio na malipo kirudisheni. Kinachobaki kitumike pale fedha ya serikali isipofika. Elimu haina ada tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havikufutwa na tangazo lile. Bibi ana haki ya kutibiwa bure, lakini atafika dirishani aambiwe dawa hii hakuna, kanunue nje, na hapo kadi yake ya mzee haimsaidii kwa mwenye duka. Mkilipa dawa hiyo moja kwa moja dukani na nauli ya bajaji, mmefanya kazi ambayo hakuna fungu la bajeti linaloifanya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Mwulizeni mtendaji wa mtaa wenu kama jina la bibi limo kwenye kaya zilizotambuliwa, na kama halimo, aeleze linaingiaje.

Kisha kuna msaada usiogharimu hata shilingi, na makanisa mengi huuona mdogo: kumsindikiza. Mama mmoja wa kamati akae na bibi foleni hospitalini. Kijana anayejua simu amsomee ujumbe wa malipo ili asikatwe na wakala mjanja. Mtu ahudhurie mkutano wa mtaa siku ya kuhakiki majina, awataje na wale wasiofika. Mithali 31, kabla ya ile sifa ya mke mwema tunayoipenda kwenye harusi, inamwagiza mfalme Lemueli afumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema. Kamati ikifanya hilo tu kwa mwaka mmoja itakuwa imeleta majumbani fedha nyingi kuliko kapu la Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Hapa niseme na namna ya kutoa, ingawa hukuuliza. Nimeona ibada ambako wajane huketishwa benchi la mbele tangu asubuhi, yakiisha matangazo wanaitwa kwa majina, kila mmoja anashika kilo mbili za sukari na mche wa sabuni mbele ya kusanyiko, katibu anapiga picha, na kabla bibi hajafika nyumbani picha iko kwenye magrupu ya WhatsApp. Acheni. Pelekeni nyumbani, jioni, kimya. Picha ya kuthibitisha matumizi haihitajiki. Daftari lenye saini za wanakamati wawili linatosha, na hesabu isomwe kanisani kwa jumla bila majina. Na mwanasiasa akija msimu wa kampeni na mifuko ya mchele yenye jina lake, mshukuruni na mmwambie mfuko wenu una utaratibu.

Mko Ujiji, ambako Waislamu ni wengi, kwa hiyo mtaulizwa pia kama sadaka iwaendee Waislamu. Wagalatia 6 inasema watu wote, na hasa jamaa ya waaminio; "hasa" haina maana ya "pekee". Kaisari Juliani, aliyetawala 361 hadi 363 na hakuwapenda Wakristo, alilalamika kwamba watu hao wanawatunza maskini wao na wa kwetu pia. Muulizeni na shehe wa mtaani anawagawia nani zaka. Mara nyingi mtakuta majina yaleyale kwenye madaftari mawili, na majina mengine hayamo popote. Wavuvi waliposimamishwa ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, njaa haikuuliza nani anasali wapi. Mkiwa mnabadilishana taarifa, pateni ruhusa ya mwenye jina kwanza.

Kuhusu kituo cha yatima sitasema mengi. Watoto hawa wana bibi. Kuwatoa kwake ni kuwafanya yatima mara ya pili, na yeye kumwachia nyumba tupu. Makao ya watoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hayafunguliwi bila leseni na ukaguzi, na kwa taratibu za ustawi wa jamii makao ni kimbilio la mwisho pale ambapo hakuna ndugu kabisa. Wengi wanaoishi kwenye makao duniani wana mzazi au ndugu aliye hai aliyeshindwa tu na umaskini. Mfadhili hupenda jengo kwa sababu linapigika picha, na akichoka mtabaki na jengo, watoto na deni la mchele. Kwa fedha ya kumlea mtoto mmoja kituoni mnaweza kushikilia kaya kadhaa zisisambaratike.

Sasa mtoto. Huyu hasubiri kikao cha kamati.

Mwende wanawake wawili, mmoja awe yule ambaye bibi anamwamini zaidi, na msiende kwa kumlaumu. Babu na bibi wengi humficha mtoto kwa aibu, kwa maneno ya majirani, au kwa sababu hawezi kumbeba na hana pa kumwacha. Angalieni anakula mwenyewe au analishwa, anageuzwa, ana vidonda mgongoni, anaongea. Mkikuta amefungwa, amepigwa, au kuna dalili yoyote ya kuingiliwa, hapo kazi ya kanisa ya kusuluhisha imekwisha: siku hiyohiyo pigeni 116, namba ya kuwasaidia watoto, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi. Msikubali mtu yeyote, hata mchungaji, awaambie mambo hayo yamalizwe kifamilia. Vivyo hivyo kwa bibi mwenyewe: akianza kuitwa mchawi, au mtu akianza kuzungukia kiwanja chake, hayo ni ya polisi na ya msaada wa kisheria. Maombi yaendelee, ila sambamba.

Kama hakuna ukatili, na mara nyingi hakuna, mpelekeni mtoto hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, aonwe na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Umri una maana hapa. Viungo vikikakamaa kwa miaka, kinachoweza kurekebishwa hupungua. Daktari aandike ulemavu wake. Kwa karatasi hiyo nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa, mkaulize mambo matatu kwa mpigo: shule gani ya karibu inapokea watoto kama yeye, utaratibu wa kupata kiti cha magurudumu, na kama ulemavu wake uliandikwa kwenye dodoso la TASAF karani alipopita. Nashuku hili la mwisho halikufanyika, kwa sababu mtoto aliyefichwa chumbani karani hamwoni. Kama halikufanyika, ombeni marekebisho ya taarifa za kaya kupitia mtendaji wa mtaa.

Mkifika ofisini mkaambiwa njooni kesho, msiondoke mikono mitupu. Ombeni jina la anayeshughulikia na tarehe ya kurudi, mviandike kwenye daftari la kamati palepale mbele yake. Wiki mbili zikipita bila jibu, andikeni barua kwa mkurugenzi wa Manispaa yenye muhuri wa kanisa, elezeni kwa ufupi mlipokwenda na mlichoambiwa, mbaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Kisha niandikie tena, uniambie walijibu nini.